Dewey au Cuomo: njia mbili za wakili kuufikia ugavana

Thomas E. Dewey alipata jina kwa kumfunga jambazi. Mario Cuomo alilipata kwa kupunguza urefu wa majengo matatu. Wote wawili walikuwa mawakili New York, wote walishinda ugavana wa jimbo hilo mara tatu, na kila mmoja alikaa Albany, makao makuu ya jimbo, miaka 12: Dewey kuanzia 1943 hadi 1954, Cuomo kuanzia 1983 hadi 1994. Dewey alikuwa Republican, Cuomo Democrat. Wote walitajwa sana kwa urais wa Marekani na wote waliukosa, kila mtu kwa namna yake.

Nawaweka pamoja kwa sababu kila uchaguzi unapokaribia Kenya, mawakili vijana wanaotaka ugavana huanza kuhesabu vyama na pesa. Vyote vinahitajika, sibishi. Ila kuna jambo ambalo huwa limeshaamuliwa kabla ya hapo, nalo ni aina ya kesi ulizobeba ulipokuwa na miaka thelathini na kitu. Kesi hizo ndizo zinazokutambulisha kwa watu, na pia ndizo zinazokufundisha jinsi ya kushinda. Mtu akishazoea namna moja ya kushinda, huingia nayo ofisini, hata pale isipofaa.

Dewey: jina la haraka

Dewey alizaliwa 1902 katika mji mdogo wa Owosso, Michigan, akamaliza sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1925. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba na aliwahi kufikiria kuifanya kazi, mpaka koo lilipomwangusha. Akabaki na sheria. Mwaka 1931 akaingia ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho kusini mwa New York akiwa msaidizi mkuu, na miaka miwili baadaye akampeleka gerezani Waxey Gordon, tajiri wa pombe haramu, kwa kosa la kukwepa kodi.

Nafasi yake kubwa ilikuja 1935. Baraza la raia lililokuwa likichunguza uhalifu Manhattan lilimgomea mwendesha mashtaka wa wilaya, likiona hana nia ya kuwagusa wakubwa. Gavana Herbert Lehman akamteua Dewey, wakati huo akiwa na miaka 33, kuwa mwendesha mashtaka maalumu.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Dewey alifanya yote peke yake. Aliyeona uzi wa kesi alikuwa Eunice Hunton Carter, mwanamke pekee na Mweusi pekee katika kundi la mawakili wake. Carter alikuwa amefanya kazi katika mahakama ndogo walikoletwa wanawake waliokamatwa kwa ukahaba. Akagundua kwamba wanawake kutoka madanguro tofauti, wasiojuana, walikuwa wakitetewa na mawakili walewale, wakidhaminiwa na wadhamini walewale, na wakitoa maelezo yaleyale mbele ya hakimu. Mambo hayo hayawezi kujitokea yenyewe, yupo anayelipia. Dewey hakuvutiwa mwanzoni, kwani hakutaka kuonekana anasaka makahaba. Carter akashikilia, na Februari 1936 polisi wakavamia madanguro mengi ya jiji kwa usiku mmoja.

Mwisho wa uzi ule alikuwa Lucky Luciano, mkubwa wa magenge wa New York. Dewey alikuwa ameshawaendea watunga sheria, wakampa sheria iliyoruhusu makosa mengi kuunganishwa katika hati moja ya mashtaka. Bila hiyo asingeweza kumweka Luciano na wenzake kizimbani pamoja. Juni 1936 Luciano akakutwa na hatia ya ukahaba wa kulazimisha, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 50.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1937 Dewey akachaguliwa mwendesha mashtaka wa Manhattan. Mwaka 1938, akiwa na miaka 36, akagombea ugavana dhidi ya Lehman yuleyule aliyemteua, akashindwa kwa tofauti ndogo. Mwaka 1940 akausaka uteuzi wa Republican kwa urais, akaukosa. Mwaka 1942 akapata ugavana, Republican wa kwanza kushinda kiti hicho tangu 1920. Kutoka uteuzi wa 1935 hadi ushindi huo ni miaka saba tu.

Uzuri wa njia hii unaonekana wazi: mwendesha mashtaka ana adui anayejulikana kwa sura, ana tarehe ya hukumu, na ana gazeti la kesho asubuhi. Mpiga kura hahitaji kueleweshwa. Gharama yake huja baadaye. Baadhi ya mashahidi wa kesi ile, wanawake waliokuwa maskini na wengine watumwa wa dawa za kulevya, walikana ushahidi wao baada ya hukumu. Na mwaka 1946 Dewey, sasa gavana, akalazimika kutia sahihi ya kumpunguzia Luciano kifungo ili arudishwe Italia, kwa maelezo kwamba alilisaidia jeshi la majini wakati wa vita. Uvumi ulimwandama Dewey kwa miaka. Aliyepanda kwa jina la mfungwa, mfungwa yule hamwachi.

Cuomo: jina la polepole

Cuomo alizaliwa 1932, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano waliokuwa na duka la vyakula South Jamaica, mtaa wa Queens jijini New York. Mwaka 1952 alicheza besiboli ya kulipwa katika ngazi ya chini ya timu ya Pittsburgh Pirates hadi mpira ulipompiga kichwani. Mwaka 1956 alimaliza sheria Chuo Kikuu cha St. John's akiwa kileleni mwa darasa, lakini kampuni kubwa za uwakili za Manhattan hazikumfungulia mlango. Akafanya kazi chini ya jaji Adrian Burke wa mahakama ya juu ya jimbo, kisha akaenda kufanya uwakili Brooklyn na kufundisha sheria.

Kesi iliyomtambulisha haikuwa na jambazi. Katika mtaa wa Corona, jiji lilitaka kubomoa nyumba 69, nyingi za familia za Kiitaliano, lijenge shule ya sekondari na uwanja wake. Cuomo akawa wakili wa wenye nyumba. Shauri likaburuzwa miaka, mahakamani na nje ya mahakama, mpaka yakapatikana makubaliano yaliyonusuru nyumba nyingi.

Kazi ile ndiyo iliyomfanya meya John Lindsay amwite mwaka 1972 kwenye moto mkubwa zaidi. Forest Hills, mtaa wa watu wa kipato cha kati, wengi wao Wayahudi, ulikuwa umechachamaa kupinga mpango wa jiji wa kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini: majengo matatu ya ghorofa 24, fleti 840. Wakazi waliandamana. Waliounga mkono mradi waliona ubaguzi wa rangi mtupu. Cuomo akapewa kazi ya usuluhishi. Akakutana na wakazi, akakutana na maofisa wa jiji, akawasikiliza na wale ambao nyumba zile zingekuwa kimbilio lao. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kwa hesabu na gumu kwa siasa: majengo yabaki matatu, ghorofa ziwe 12, fleti ziwe 432. Hakuna upande ulioshangilia. Majengo yakajengwa.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Ukimfunga jambazi, watu wanakushukuru. Ukipunguza ghorofa kwa nusu, mmoja anakwambia umewauza maskini na mwingine anakwambia umemharibia mtaa. Ni kazi isiyo na picha nzuri ya gazeti. Lakini ugavana, ukiondoa siku ya kuapishwa, mwingi wake ni huo: bajeti ambayo kila mtu amekatwa kidogo.

Na jina lake halikupanda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1974 aligombea unaibu gavana, akaangushwa kwenye mchujo wa chama. Gavana mpya Hugh Carey akamteua kuwa katibu wa jimbo mwaka 1975. Mwaka 1977 akagombea umeya wa jiji la New York, Ed Koch akamshinda. Mwaka 1978 akawa naibu gavana chini ya Carey. Mwaka 1982 akakutana tena na Koch, safari hii kwenye mchujo wa ugavana, na Koch ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Koch akafanya kosa la kuyadhihaki maisha ya vitongoji na ya mashambani katika mahojiano na jarida moja, jambo la hatari kwa mtu anayeomba kura za jimbo zima. Cuomo akashinda mchujo, kisha akamshinda kwa shida Lewis Lehrman, tajiri aliyemwaga mamilioni yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 50, na miaka 26 tangu amalize sheria. Dewey alipochaguliwa alikuwa na miaka 40.

Namna kila mmoja alivyoukosa urais

Sehemu hii ndiyo inayonifundisha zaidi, maana kila mmoja aliangushwa na ustadi wake mwenyewe.

Dewey aligombea 1944 akashindwa na Franklin Roosevelt, na hilo halikumshangaza mtu katikati ya vita. Ajabu ni 1948. Kura za maoni zilimpa ushindi dhidi ya Harry Truman, magazeti yakampa ushindi, na yeye akauamini. Akafanya kampeni ya tahadhari, maneno ya jumla yasiyomkwaza yeyote, kama wakili aliyemaliza kuita mashahidi na sasa anangoja hukumu tu. Truman akazunguka nchi kwa treni akipiga kelele kila stesheni. Chicago Daily Tribune likachapa kichwa cha habari kwamba Dewey amemshinda Truman, na picha ya Truman akilinyanyua gazeti hilo huku akicheka ndiyo inayojulikana hadi leo. Kura za wajumbe, ambazo ndizo zinazoamua urais kule, zilikuwa 303 za Truman kwa 189 za Dewey. Nadhani miaka ya mahakamani ilimzoesha kuamini kwamba ushahidi ukishatosha, kesi imekwisha. Mpiga kura hafungi jalada hadi siku ya mwisho.

Cuomo yeye hakugombea kabisa. Hotuba yake ya Julai 1984 kwenye mkutano mkuu wa Democrat kule San Francisco ilimfanya ajulikane nchi nzima kwa jioni moja, na tangu hapo kila uchaguzi watu walimngoja. Tarehe 20 Desemba 1991 ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mchujo wa New Hampshire. Ndege ilikuwa imeandaliwa uwanja wa Albany. Akatangaza kwamba hawezi kuondoka wakati bajeti ya jimbo haijapatana na wabunge wa Republican. Ndege haikwenda. Mwaka 1993 Bill Clinton alimfikiria kwa Mahakama ya Juu ya Marekani, nako akakataa. Msuluhishi hukaa mezani mpaka wote wakubaliane, na kuna meza zisizokwisha.

Ofisini

Kwa vitu vya kushikika, Dewey anaongoza. Mwaka 1945 New York ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi na dini kazini. Mwaka 1948 mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York ulianzishwa. Barabara kuu ya kulipia inayounganisha jiji na Buffalo ilianza kufunguliwa kwa vipande 1954, mwaka wake wa mwisho, na baadaye ikapewa jina lake. Wakati wa vita aliweka akiba ya bajeti ili itumike baada ya vita, jambo ambalo magavana wachache wanaweza kujizuia kufanya kinyume chake. Mwendesha mashtaka mzuri hujua kuajiri watu hodari na kuwadai kazi, na Dewey alijua.

Cuomo aliacha zaidi msimamo kuliko majengo, isipokuwa majengo ya aina moja, nitayataja. New York ilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha watu kufunga mikanda ya usalama kwenye magari, mwaka 1984. Juu ya adhabu ya kifo hakuyumba: kila mwaka bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuirudisha, na kila mwaka akaukataa. Dewey upande huo alikuwa kinyume chake. Louis Lepke Buchalter, mkubwa wa genge aliyewahi kuwindwa na Dewey mwenyewe, aliuawa kwenye kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing Machi 1944, Dewey akiwa gavana mwenye mamlaka ya kumsamehe.

Majengo niliyoahidi ni magereza. Cuomo, yuleyule mpinga kunyonga, alijenga magereza mapya takriban 30, wakati sheria kali za dawa za kulevya zilipokuwa zikiyajaza. Yeye mwenyewe aliwahi kusema kampeni hufanywa kwa ushairi na serikali huendeshwa kwa nathari. Magereza yale ndiyo nathari yake. Mwaka 1994 George Pataki akamshinda, na mwaka 1995 Pataki akatia sahihi kurudisha adhabu ya kifo.

Kwa msomaji wa huku

Mlango wa Dewey karibu umefungwa Kenya, na ni vizuri ujue mapema. Kule New York mwendesha mashtaka wa wilaya anachaguliwa kwa kura, kwa hiyo ofisi hiyo yenyewe ni ngazi ya siasa. Huku, kwa Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anapendekezwa na Rais, anaidhinishwa na Bunge la Taifa, anakaa miaka minane na harudii. Mwendesha mashtaka aliye chini yake hawezi kupanda jukwaani na orodha ya aliowafunga. Kinachokaribia ni wakili wa kesi kubwa za kisiasa. James Orengo ndiye mfano wa kwanza kichwani: mbunge wa Ugenya kwa mara ya kwanza 1980, miongo ya kesi zilizotikisa serikali, seneta, kisha gavana wa Siaya mwaka 2022. Ila hata huo haukuwa mwendo wa miaka saba.

Tanzania mlango wenyewe haupo, maana mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Wakili wa huko anayetaka kura huangalia ubunge. Na kuna njia nyingine ambayo sitaichambua sana, ya Babatunde Fashola wa Lagos: wakili aliyeingia ofisini mwaka 2002 kama mkuu wa watumishi wa gavana Bola Tinubu, akamrithi 2007 na kukaa hadi 2015. Ni njia ya haraka kuliko zote, mradi una mtu wa kukushika mkono, na mradi uko tayari kuulizwa daima ni mtu wa nani.

Kwa njia ya Cuomo, tazama Makueni. Kaunti hiyo imekuwa na magavana wawili tangu 2013, na wote ni wanasheria: Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na Mutula Kilonzo Junior aliyemfuata 2022. Kibwana alikuwa mtu wa harakati za katiba miaka ya 1990, kazi ya kukusanya watu wasiopatana wakae chumba kimoja. Ungedhani basi kaunti ingekuwa nyepesi kwake. Muhula wa kwanza aligombana na wawakilishi wa wadi mpaka mwaka 2014 risasi zikalia bungeni kwao, na wakazi wakawasilisha ombi la kuivunja serikali ya kaunti. Tume iliyoundwa ikapendekeza ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mwaka uliofuata kaunti ikazindua mpango wa afya ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na 2017 Kibwana akarudishwa na wapiga kura.

Kwa hiyo, ukiniuliza nani wa kumfuata: kama wewe ni wakili wa jinai, una ofisi inayokuruhusu kugusa wakubwa, na unaweza kuvumilia kujulikana kwa jambo moja maisha yako yote, Dewey. Hakikisha tu una Eunice Carter wako na umempa nafasi ya kukubishia. Wengine wote, yaani wengi wetu, tumfuate Cuomo: kesi za ardhi, za wapangaji, za vyama vya ushirika, za masoko yanayohamishwa. Kuna onyo moja. New York haina ukomo wa mihula kwa gavana; Kenya ni mihula miwili ya miaka mitano. Usuluhishi wa miaka sita ndani ya miaka kumi ni anasa. Jifunze kwa Dewey kuweka tarehe.

Halafu kuna siku ya kuondoka, ambayo wagombea hawapendi kuizungumzia. Dewey alirudi kwenye kampuni ya uwakili ya Manhattan iliyobeba jina lake hadi alipofariki 1971. Cuomo alijiunga na kampuni ya uwakili ya Willkie Farr & Gallagher, na akiwa na miaka 78 mahakama ilimpa usuluhishi mwingine, kati ya wamiliki wa timu ya besiboli ya Mets na msimamizi wa mali za Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji. Shauri lilimalizika 2012 kwa makubaliano ya dola milioni 162. Alifariki Januari 2015. Wote wawili walikuwa na kazi ya kurudia kwa sababu uwakili wao ulikuwa wa kweli kabla ya siasa. Kwetu Ibara ya 77 inamkataza ofisa wa serikali wa muda wote kufanya kazi nyingine ya malipo, kwa hiyo ukiapishwa gavana ofisi yako ya uwakili inabaki bila wewe, pengine miaka kumi. Tafuta mshirika unayemwamini na muandikiane mapema, kabla hujachapisha bango la kwanza.